Kivuli Kisichojua Kusita

"Sema tena, Daktari. Safari hii sema kama mtu aliyefurahi kuulizwa."

Daktari Eliakunda Mbise akasema tena, "Swali zuri sana." Alikuwa akiyasema maneno hayo tangu asubuhi, kwa furaha, kwa mshangao, kwa upole, kwa sauti ya mtu anayewaza, mpaka yakaisha ladha mdomoni. Alisimama mbele ya kitambaa cha kijani, uso umepakwa poda ya kuficha makunyanzi ya mwaka huu, na taa zikimchoma utosini. Nyuma ya kioo, Hamduni, mtayarishaji wa vipindi, akainua kidole gumba. Hamduni alikuwa mtu wa Tanga, mpole na mwenye adabu, na angeweza kukuomba ufanye jambo la kipuuzi ukaona haya kumkatalia.

Chuo cha Masafa hakikuwa na darasa hata moja. Ukumbi ambamo Eliakunda alifundisha ujanani mwake, hapo hapo Arusha, ulikuwa umekatwakatwa kwa kuta za mbao laini ukawa vyumba vya kurekodia, na kila chumba kilikuwa na msomi wake amesimama mbele ya kitambaa akiuza sura. Mhadhiri alirekodi somo lake zima mara moja tu. Baada ya hapo mtambo uliichukua sura yake, sauti yake, jinsi anavyonyanyua nyusi na anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo zito, ukamfinyangia kivuli. Kivuli ndicho kilichoingia kwenye simu za wanafunzi kuanzia Kigoma mpaka Komoro, kikamwita kila mmoja kwa jina, kikamfundisha kwa mwendo wake na kumjibu saa yoyote aliyotaka. Mhadhiri mwenyewe alirudi nyumbani kupalilia mboga. Aliitwa mara moja kwa mwaka kuja kujazia, yaani kutoa vile vimaneno na vicheko ambavyo kivuli kilikuwa kimepungukiwa.

Eliakunda aliuliza hizo "swali zuri" zote ni za nini, maana katika kufundisha kwake kote alikumbuka maswali mazuri yasiyozidi vidole vya mikono. Hamduni alimweleza kwa subira kwamba wanafunzi wanapenda kusifiwa kabla ya kujibiwa, na kwamba kipimo cha macho kimethibitisha. Simu ilimtazama mwanafunzi kama yeye alivyoitazama simu. Macho yake yakihama kwenye kioo, mtambo uliandika ni neno gani lililoyahamisha, na neno hilo likakatwa. Likihamisha macho ya wengi, lilikatwa kwa wote. Ndivyo masomo yalivyokuwa yakizidi kuwa matamu kila mwaka bila mtu kuyagusa.

"Na kipindi cha chupa kipo?" aliuliza Eliakunda.

Hamduni akainamia vitufe vyake. Alisema kipo, ila kimepunguzwa kidogo.

Kipindi cha chupa ndicho kilichokuwa fahari ya Eliakunda. Somo lake lilikuwa maji ya ardhini, na katika nchi yenye madini ya floraidi kwenye maji ya nusu ya mikoa yake, somo hilo si la mchezo. Enzi za madarasa, siku ya kwanza ya kila mwaka, kila mwanafunzi alikuja na chupa ya maji ya kwao. Chupa zilipangwa mezani, maji meupe, safi, yanayong'aa, na darasa likakisia yapi ni salama. Walibishana, walicheka, walitukanana vijiji. Mwisho walimgeukia yeye awape jibu, naye alisema kila mwaka maneno yale yale, kwamba hajui, na kwamba hatajua mpaka apime. Wengine walijiuliza huyu ni mwalimu gani. Kisha walipima, na yule aliyecheka kuliko wote aligundua amekunywa sumu tangu utotoni. Mbele ya kamera za Hamduni alikirudia kipindi hicho chote, na chupa alizileta mwenyewe.

Alitaka kuuliza kimepunguzwa wapi, akamezea. Alikuwa amechoka, poda inamwasha, na Hamduni alikuwa na jambo jingine la kumwambia. Langoni kulikuwa na mwanamke anayesema ni mwanafunzi wake. Walinzi walikuwa wamemweleza kwamba chuo hiki hakipokei wanafunzi, naye amegoma kuondoka.

*

Mwanamke huyo alikuwa amekaa juu ya begi lake kando ya kibanda cha walinzi, amefunga kilemba cha rangi ya zambarau, umri wake kama miaka thelathini. Alipomwona Eliakunda aliinuka, uso ukamchanua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tunafahamiana?"

Mwanamke akacheka kama mtu aliyetaniwa, kisha akaona kwamba hakuna utani. "Ni mimi, Mwalimu. Joha. Joha Mughwai wa Isughanda."

Jina hilo halikumwambia Eliakunda chochote. Miaka kumi alikuwa hajamwona mwanafunzi hata mmoja kwa macho. Lakini Joha alimwuliza goti lake linaendeleaje, na Eliakunda akakumbuka kwamba mwaka ule wa kurekodi alikuwa akichechemea, na pengine alilitaja kwa bahati mbaya. Goti lilikuwa limepona siku nyingi. Kivuli bado kililalamika nalo huko kwenye simu za watu, kwa kuwa wanafunzi walipenda mwalimu mwenye maumivu kidogo. Joha alimshukuru pia kwa siku ile baba yake alipofariki, jinsi alivyokaa naye akimsemesha mpaka akapata usingizi. Eliakunda hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba si yeye. Alisema pole sana, akajisikia mwongo.

Walikwenda kukaa mkahawani. Chai ilipoletwa Joha hakuigusa, alisimulia. Alikuwa fundi sanifu katika ofisi ya maji ya wilaya, huko Singida, na shahada yake aliisomea kwenye simu, jioni na Jumapili, kwa Mwalimu Mbise. Kijijini kwao wanawake walikuwa wakichota maji kwenye madimbwi ya mto. Hatimaye mtambo wa kuchimba visima ukaletwa, na ulikuwa wa kuazimwa, wilaya nyingine tatu zinausubiri. Kupeleka maji maabara kulihitaji wiki kadhaa, na dereva wa mtambo alikuwa ameshaanza kufunga vyuma. Joha alifanya alichokuwa akifanya kila alipokwama. Alimweleza Mwalimu wake aina ya mwamba, kina walichofikia na ladha ya maji, akamwuliza afunge pampu au aache.

Akaitoa simu, akaigeuza upande wa Eliakunda.

Alikuwa yeye mwenyewe mle ndani, mwembamba kidogo, bila makunyanzi, akinyanyua nyusi kama anavyonyanyua. "Swali zuri sana, Joha," kilisema kivuli. "Kwa mwamba huo na kwa kina hicho, floraidi haiwezi kuvuka kiwango. Maji yako ni salama. Funga pampu, binti yangu, na ujivunie kazi yako."

Kwa mwamba ule, Eliakunda mwenyewe asingalisema maneno hayo hata angalishikiwa panga. Aliomba kusikia tena. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa aliweza kusikia upendo ulivyojaa katika sauti ile, na upendo huo kweli ulikuwa wake, aliupeleka studio mwenyewe.

Kijiji kilichinja mbuzi siku pampu ilipotoa maji. Sasa ulikuwa mwaka wa tano. Watoto waliozaliwa baada ya kisima walikuwa wanaota meno ya kahawia, na waliokuwa wakitambaa wakati ule walitembea na matege, wengine magoti yakigongana, wengine miguu imepinda nje hata wakashindwa kukimbia. Mwanaidi, mtoto wa pekee wa Joha, alikuwa mmoja wao. Joha ndiye aliyempeleka kisimani kwa mkono wake ili apigwe picha akinywa kikombe cha kwanza.

Alikuwa amekuja na maji ndani ya begi. Eliakunda aliyachukua mpaka kwenye iliyokuwa maabara yake, ambayo siku hizi ilihifadhi taa mbovu na makopo ya poda, akakifukua kipimo chake cha zamani. Namba ilipotokea alifuta miwani akaisoma upya. Ilikuwa mara saba ya kinachoruhusiwa.

Aliporudi, Joha hakuuliza kipimo kimesema nini. Alisema wiki ijayo ameitwa mbele ya Baraza la Wataalamu wa Maji, Dodoma, na kutoka hapo faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka. Watu wa baraza walikuwa wamemwambia kwamba jibu la kwenye simu si ushahidi, ni mashine tu, na mtaalamu hajifichi nyuma ya mashine.

"Sijaja kukulaumu, Mwalimu," alisema. "Nimekuja uniambie tu kwamba ulisema. Nikiwa peke yangu naonekana nimechimba kwa kichwa changu. Wewe ukisema, wataelewa kwamba niliuliza."

*

Hamduni bila shaka alijua jambo linakuja, maana alikuwa ameshafunga mlango wa chumba cha kuhariria kabla Eliakunda hajaketi. Hakujitetea. Alifungua kwenye kioo rundo la vipande vilivyokatwa kwenye somo lake, vifupi vifupi, na akavichezesha kimoja baada ya kingine.

Eliakunda akajiona anasema sijui. Akajiona anakuna kichwa na kusema hapa sina hakika. Akajiona ameshika chupa ya maji ya Ngarenanyuki, akiitazama kwenye mwanga na kunyamaza, ukimya mrefu, ule wa kuwafanya wanafunzi wajisikie vibaya kwa kukisia. Akajiona anasema turudi maabara. Kila mahali alipositasita, kila mahali alipokubali kwamba elimu yake imefika ukingoni, palikuwa kwenye rundo lile la takataka.

"Macho yao yanahama hapo," alisema Hamduni. "Mwanafunzi akisikia mwalimu hajui, anafunga somo, anakwenda kwa mwalimu mwingine. Mtambo unakata wenyewe. Mimi kazi yangu ni kulainisha maungio yasionekane."

"Na kivuli?"

"Kivuli kimejifunza kwako, Mama. Ila kwako kama tulivyokupeleka sisi. Na humo hakuna mahali ulipowahi kusita."

Alimweleza kwamba aliwahi kuirudisha kimyakimya ile sijui ya kwenye kipindi cha chupa, maana aliipenda. Mtambo uliikata tena ulipojisafisha wenyewe mwisho wa wiki, naye akaandikiwa onyo. Eliakunda aliuliza kama anaweza kurekodi tahadhari, dakika moja tu, awaambie wanafunzi wote wasifunge pampu yoyote kwa neno lake. Hamduni akasema kamera ipo na yuko tayari hata sasa hivi, lakini tahadhari ndiyo inayohamisha macho kuliko kitu chochote. Isingefika hata kwa mwanafunzi wa kumi. Njia nyingine ya kuwapata hakuwa nayo, kwa kuwa anwani zao zilijulikana na kivuli tu.

Eliakunda akapanda kwa mkurugenzi.

Profesa Lwitiko Mwakalinga alikuwa amesoma naye zamani, na alimpokea kama mtu mwenye msiba. Alikwisha kuisikia habari ya Isughanda. Alimkalisha, akamwagizia kahawa, akamtajia sheria ya vivuli polepole kana kwamba inamuuma. Maneno ya kivuli si ya mtu mpaka mwenye sura ayakubali mbele ya baraza. Akiyakana, kivuli hicho kinahesabiwa kuwa kibovu na kinazimwa siku hiyo hiyo, na kila kilichowahi kusema kinahesabiwa hakikusemwa na yeyote. Akiyakubali, ni kama aliyasema kwa kinywa chake, lawama ni zake, na kivuli kinapigwa muhuri kwamba ni yeye hasa. Baada ya muhuri hakuna anayeweza kukizima, hata mwenyewe.

Eliakunda hakuhitaji karatasi wala wakili kuona alipowekwa. Akikana, kivuli kitakufa, na wanafunzi elfu arobaini walioko mle ndani wataacha kudanganywa kwa sauti yake. Lakini Joha atakuwa hakuambiwa na mtu, alichimba kwa kichwa chake, na watamfunga. Akikubali, Joha ataachwa. Na kivuli kitaendelea kufundisha, safari hii kwa muhuri wa baraza, mpaka Eliakunda aoze kaburini.

Aliuliza kama anaweza kuyakubali maneno yale aliyoambiwa Joha na kuyakana mengine yote. Mwakalinga akatikisa kichwa. Kivuli ni kimoja, alisema, hakigawanyiki. Aliuliza kama chuo kitazirudisha zile sijui. Mwakalinga akasema wazo ni zuri, kamati italiangalia. Aliuliza kama Komoro nako wanachimba visima, akajibiwa wanachimba.

"Sisi hatukushurutishi," alisema Mwakalinga. "Lakini tumfikirie huyu binti wa watu. Ana mtoto mgonjwa. Wewe una umri wako, umeshakula chumvi, ukifutwa kwenye orodha ya wataalamu utapungukiwa nini? Msaidie, Eliakunda. Ndivyo ninavyokujua."

Alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na wote wawili walijua. Kivuli cha Mbise kilikuwa cha tatu kwa kupendwa chuoni, na mkurugenzi alikuwa akiomba huruma kwa ajili yake. Kilichomuuma Eliakunda ni kwamba maneno ya mtu huyu, pamoja na unafiki wake wote, yalikuwa ya kweli. Joha alikuwa na jina na kilemba cha zambarau, na alikuwa amesafiri kuja kuomba neno moja tu. Wale wengine hawakuwa na majina. Watoto watakaopinda miguu mwaka wa kesho na wa kesho kutwa hawakuwa na hata nyuso. Alimchukia Mwakalinga kwa kuwa amemwekea wema upande ule ule wenye faida.

*

Baraza lilikaa Dodoma, katika ukumbi wenye mazulia mapya na viyoyozi vinavyolia. Wajumbe walikuwa watano na mwenyekiti wao alikuwa Mhandisi Kahangwa, mzee nadhifu asiye na papara. Kwenye benchi la nyuma waliketi wazazi wa Isughanda, wamevaa nguo za kanisani na msikitini, na mmoja wao amempakata mtoto mwenye miguu iliyopinda ambaye Eliakunda alimtazama mara moja tu, hakuweza tena.

Usiku wote njiani alikuwa amekata shauri kukana. Alijiambia kwamba elfu arobaini ni wengi kuliko mmoja, na kwamba mwalimu anayependa mwanafunzi mmoja kuliko wote si mwalimu. Alikuwa hata amepanga atakavyomwomba Joha msamaha, na atakavyomtafutia wakili, na kumtunza Mwanaidi. Hesabu zilikuwa zimekaa sawa.

Mwenyekiti akaamuru jibu la kivuli lichezeshwe ukutani. Uso wa Eliakunda ukatokea, mkubwa kuliko mlango, ukasema swali zuri sana, Joha. Ukumbi mzima ukasikiliza. Ukasema maji yako ni salama. Huko nyuma mama mmoja akaanza kulia kwa kwikwi, akatolewa nje kwa upole.

"Daktari Mbise," alisema Kahangwa, "maneno haya ni yako?"

Aliomba kueleza kwanza. Alianza habari ya kipimo cha macho na ya vipande vilivyokatwa, na Kahangwa akamsikiliza kwa heshima mpaka alipovuta pumzi, ndipo akamwambia kwamba maelezo hayo yana baraza lake, la mitambo, na anaweza kuandika barua. Hapa swali lilikuwa moja, na jibu lake lilikuwa ndiyo au siyo.

Eliakunda akamtazama Joha. Joha alikuwa amesimama kizimbani, mikono ameikunja mbele, na hakuwa akimtazama yeye. Alitazama ukutani, kwenye ule uso uliosimamishwa katikati ya tabasamu, na alikuwa ametulia kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kumwamini Eliakunda namna ile maishani mwake, mumewe hakumwamini hivyo, wala mama yake mzazi. Hesabu zote za safarini zikamtoka kichwani. Aliona haya, haya ya mtu aliyekutwa akiiba, akaona hataweza kuufuta uso ule mbele ya macho yale na kumwacha mwenye macho amesimama peke yake.

"Ni yangu," alisema.

Mwenyekiti akamwuliza tena, kwa ajili ya kumbukumbu, kama ameelewa maana ya kukubali. Akasema ameelewa. Akataka kuongeza kwamba anaomba baraza, hata hivyo, likizime kivuli kile kwa usalama wa watu, na Kahangwa akamwangalia kwa mshangao wa kweli. Kwa msingi gani, aliuliza, ilhali mwenyewe amekwisha kuthibitisha kwamba hakina kasoro, kinasema anayoyasema yeye?

Mengine yalikwenda haraka. Joha Mughwai alionekana aliomba ushauri kwa mtaalamu anayetambulika na kuufuata kwa nia njema, akaachiwa. Jina la Daktari Eliakunda Mbise likafutwa kwenye orodha ya wataalamu wa maji, na wazazi wa Isughanda wakaelezwa kwamba wanayo haki ya kumshtaki. Kijana wa chuo aliyekuwa amekaa pembeni na kompyuta yake akabonyeza mahali, na muhuri mdogo wa dhahabu ukatokea ukutani, chini ya kidevu cha kivuli. Mwakalinga alitoka nje kupiga simu. Wazazi walipita mbele ya Eliakunda mmoja mmoja bila kumsalimu, na yule mwenye mtoto akampandisha mtoto begani, akaenda zake.

*

Joha alimkuta nje, kwenye ngazi, amekaa kama mtu anayesubiri kuchukuliwa na hana wa kumchukua. Akapiga magoti kumshukuru. Eliakunda akamwinua kwa mkono, akamwambia hakuna cha kushukuru, akamweleza kwa kirefu yaliyobaki kufanyika: pampu ing'olewe mpini leo hii, maji ya mvua yakingwe, watoto wapelekwe hospitali ya rufaa. Alieleza kama zamani darasani, na Joha aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yakihamahama, mara kwenye magari, mara kwenye begi lake.

"Mwalimu, jana nilimuuliza." Akajisahihisha. "Nilikuuliza. Habari ya Mwanaidi. Ukasema akiacha yale maji miguu itanyooka yenyewe, akifika darasa la tatu atakuwa anakimbia na wenzake. Ni kweli?"

Kulikuwa na upepo wa vumbi, na Eliakunda alingoja upite. Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa amekwisha kuyakubali maneno ya kivuli yote siku hiyo, moja zaidi lisingemzidishia mzigo, na binti huyu alikuwa amesimama mbele yake akimwangalia.

"Meno hayatarudi," alisema. "Miguu, mimi si daktari wa mifupa. Lakini niliowaona, wengi haikunyooka mpaka walipopasuliwa, na wengine hata baada ya hapo. Bado ni mdogo, huenda ikawa afadhali kwake. Siwezi kukuahidi, mwanangu."

Joha hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayempenda ambaye leo hasemi vizuri. Akamshika mkono, akamwambia apumzike, amechoka, na siku imekuwa ngumu kwao wote.

Kisha akashuka ngazi mpaka kwenye kivuli cha ukuta, akatoa simu begini, akaiweka karibu na uso. Eliakunda alimsikia akiuliza kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu aliyekwisha kufika nyumbani, eti Mwalimu, kuna mtu ananiambia Mwanaidi hatapona. Jibu lake halikusikika mpaka kwenye ngazi. Joha alilisikiliza lote, akafuta machozi kwa kiganja, akatabasamu, akatundika begi begani na kwenda kutafuta basi la Singida.